Kopo la Unga Mweupe la Papa Augustin

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Augustin Mulongo anapiga magoti mchangani nyuma ya karakana ya reli, Albertville, mji ambao wenyeji hawajaacha kuuita Kalemie. Anafungua kopo la maziwa, anachota unga mweupe na kuupaka juu ya ubao uliofukiwa ardhini. Kila akichota, anatazama barabara.

Hatua thelathini kutoka hapo anasubiri Monique Sangwa, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 23, akiwa pekupeku. Anakimbia, anakanyaga ubao, anaruka, anatua. Papa Augustin anainama. Alama ya mguu imevuka ukingo. Anainua vidole viwili juu: umepita kwa vidole viwili. Monique anatikisa kichwa kukubali, anarudi nyuma, na safari hii anakanyaga pale panapotakiwa.

Hata mwandishi wa habari hii alijikuta amebana pumzi, na hakuwa akifanya mazoezi yoyote.

Asiyejua mchezo huu wa kuruka mbali aambiwe: ukivuka ubao, rukio halihesabiwi, hata ungetua Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Monique anaruka mbali kuliko wanawake wote wa hapa, lakini mguu wake una tamaa ya kuvuka. Majaribio ya riadha ya Élisabethville ni mwezi wa saba, wiki tatu zijazo, na atapewa marukio matatu tu.

Papa Augustin, 46, si kocha wa kusomea. Huu ni mwaka wake wa ishirini na moja kwenye njia ya reli. Kila siku hutembea kilomita nane kuelekea upande wa Nyunzu, akigonga boliti kwa nyundo na kusikiliza mlio.

"Buloni ikilegea, nyundo inakuambia palepale," anasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha hapa ambamo 'njo' ni 'ndiyo'. "Haingojee mangaribi. Muguu ya muntu njo vile vile. Uiambie kosa yake ingali ya moto, itasikia. Ikipoa, unaongea na ukuta."

Zamani alitumia filimbi. Monique akivuka ubao, filimbi ililia kabla hajatua. Ndani ya mwaka mmoja alipanda kutoka mita 4.48 hadi 5.10.

Kisha ukaja mwaka jana, 1964. Waasi waliuteka mji, jeshi likaurudisha, na wanajeshi wakaweka kizuizi barabarani karibu na karakana. Asubuhi ya kwanza ya kurudi mazoezini, Monique alivuka ubao na Papa Augustin akapuliza kama kawaida. Hakujua kwamba filimbi sasa ilihesabiwa kuwa ishara ya waasi. Risasi mbili zilipita juu yao.

"Nilijua nimeshakufa," anasema Monique. "Nilisikia muchanga mu meno, nikasema, kumbe wafu wanakula muchanga."

Filimbi ikafungiwa sandukuni. Kwa kuogopa hata kupaza sauti, Papa Augustin akaanza kuandika makosa kwenye daftari na kumpelekea Monique nyumbani jioni. Kwa miezi miwili walifanya hivyo, na kila wiki ikawa mbaya kuliko iliyopita. Katika marukio kumi, saba yaliharibika.

"Alinisomea makosa kumi," anakumbuka Monique. "Nikamuuliza, Papa, hii ya tano njo ile niliyochelewa ao ile niliyowahi? Naye hakujua tena. Asubuhi nikarekebisha mahali pa kuanzia mbio, kumbe nimerekebisha kosa lisilokuwepo."

Ndugu ya Monique, Lambert, ndiye aliyeleta dawa ya tatizo hilo kutoka Kabimba: unga wa mawe ya chokaa, mbichi, usiounguza ngozi. Ukipakwa ubaoni hushika alama ya mguu, na Monique huona kosa lake kabla hajamaliza kujikung'uta mchanga. Katika wiki tatu, marukio yaliyoharibika yalishuka kutoka saba hadi mawili.

Lakini mji huu ulikuwa umeona waasi wakipakwa dawa ili risasi zisiwaingie. Doria ilipomkuta Papa Augustin na mikono myeupe, haikuuliza habari za michezo. Alifungwa kamba na kukalishwa chini kwenye kizuizi hadi saa tisa alasiri.

"Serja aliniuliza, hii dawa unapaka nani? Nikasema, napaka ubao. Akacheka. Wengine hawakucheka," anasema.

Monique ndiye aliyemwokoa. Alimwendea serja huyo, yaani sajenti wa kizuizi, akaomba aonyeshe. Akarudishwa uwanjani, bunduki nne nyuma yake, akaambiwa aruke. Aliruka. Serja akainama, akautazama ubao kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "umepita."

Papa Augustin alifunguliwa kamba. Tangu siku ile lazima apite kizuizini kila asubuhi, afungue kopo na kulamba unga mbele ya walinzi. Walinzi hubadilishwa kila wiki mbili, naye huanza maelezo upya. Wapya walifika jana. Leo mmoja wao aliuelekeza mdomo wa bunduki kwenye kopo muda wote Papa Augustin alipokuwa akilamba.

Kwa nini asiache? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mzee huyu anashtuka hata jani likianguka.

"Woga ninao, sitadanganya," anasema. "Lakini umutazame vizuri akiruka."

Mwandishi anamtazama. Monique anakimbia, anaruka, anatua vizuri sana. Mrukaji yeyote akitua hugeukia ubao. Monique anageukia barabara. Akishaona ni tupu, ndipo anautafuta ubao kwa macho.

"Umeona?" anauliza Papa Augustin. "Ile nafasi ndogo njo inatuharibia. Kosa inapoa akiwa anatafuta bunduki. Kule Élisabethville sitaki medali. Nataka atue, ageuke, aangalie ubao kwanza. Mara moja tu."

Anainama kupaka unga kwa rukio linalofuata. Mkono wake unasimama hewani, na macho yake yanakwenda barabarani.