Mgeni Bila Kuku

Jumamosi, kwenye bustani ya wanyama wa kufugwa pale Ruiru, nyanya mmoja kutoka Kakamega alimwinua kuku na kumpima uzito kwa mkono, kama anayemchagulia mgeni kitoweo. Mjukuu wake, msichana aliyezaliwa kwenye ploti za Kiganjo, zile nyumba za kupanga, alimgusa kuku huyo kwa kidole, kisha akampakata.

“Ukija nyumbani Desemba, nitakuchinjia kama huyu,” nyanya akamwambia.

“Shosho, usimchinje!”

Nyanya akatutazama sote tuliosimama karibu kana kwamba tungemwokoa. Kwao, mgeni asiyechinjiwa kuku hajapokelewa. Akashusha pumzi.

“Haya, tutakula mboga. Lakini majirani wakiuliza, tutasema ulikula kuku.”

Basi jirani wa kule Kakamega, kama unasoma hapa, usiulize mengi. Mtoto alikula kuku, tena paja.