Mwenye pampu ya kunguni

Juzi, kwenye bariyeri ya Gitaza, askari walitushusha wote kwenye basi wakaanza kumkagua bwana mmoja aliyebeba pampu mgongoni. Alikuwa amenunua kwa tajiri wa Bujumbura haki ya kutumia jina lake na dawa zake za wadudu, akafungua tawi Rumonge. Na vita hivi!

"Iko nini humu ndani?" askari akauliza, bunduki mkononi.

"Dawa ya kunguni, chef."

Askari akajikuna shingo. "Kuja. Wametumaliza kule mu hema."

Bwana akapuliza mahema yote. Askari akaonyesha mlima kwa kidevu. "Na wale waasi kule juu, wanaumwa pia?"

"Sana, chef. Walinishika, nikawapulizia."

Nilidhani watamfunga. Askari akatikisa kichwa tu, kama mtu aliyesikia habari za ndugu mgonjwa.

Tulipoondoka, mama muuza samaki wadogo, ndagala, akamvuta bwana yule koti. "Papa, siku ingine upulize kidogo tu. Hawa na wale wakilala muzuri, watapata nguvu ya kupigana."

"Mama, mkataba wangu na tajiri unanikataza kuacha hata kunguni mmoja."

Katika mikataba yote iliyosainiwa nchini humu, huo ndio wa kwanza niliouona ukiheshimiwa.