Salamu za Ngazini

Fundi cherehani wa ghorofa ya nne alikuwa na ulimi mkali hata wapangaji wakambandika jina la Bi Sindano. Ukimwambia habari za asubuhi, anakuuliza unataka nini. Basi mwaka huu, makubwa! Akaanza kusimama kila ghorofa: habari za watoto, habari za goti la babu, hadi habari za paka. Kwa mjane mpole wa ghorofa ya pili aliingia kabisa, akakaa, wakapiga soga mpaka chai ikapoa. Jengo zima likasema mtu kabadilika.

Kabadilika wapi! Pumzi ilikuwa inamkatikia ngazini, miguu inavimba jioni, naye heri afe kuliko kusema. Mwanawe alikuwa anatafuta kisingizio tu amhamishie kwake, mbali na jengo lile, akae kitako kama pambo.

Mjane ndiye aliyeiona ile miguu, akamkokota hospitali. Daktari akauliza kama anachoka akipanda ngazi.

"Hata kidogo," akasema Bi Sindano, huku anahema.

Daktari hakubishana naye. Alimsikiliza kifuani kwa kifaa chake, akasema kati ya mapigo kuna mvumo usiotakiwa kuwapo. Akamlaza ubavu, akampaka jeli ya baridi, akapitisha kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo ukifanya kazi, na hapo kwenye skrini uongo ukaumbuka. Vali, kimlango kati ya vyumba vya moyo, haikuwa ikifunga sawasawa. Moyo ukisukuma damu mbele, nyingine inarudi ilikotoka, na moyo maskini unarudia kazi ile ile. Bi Sindano akanung'unika kwamba mshono kama ule yeye asingempa mteja.

Mjane akacheka mpaka akajishika mbavu. Daktari akasema vali inarekebishika, ila aambiwe kweli: pumzi ilianza kukatika lini?

"Tangu nilipoanza kusalimia watu."

 Mjane akautazama mkoba wake.

"Kumbe kwangu ulikuwa unakuja kupumzika tu?"

Lile lilimchoma Bi Sindano kuliko habari za vali. Miezi yote alijidai kwamba hataki kuhama kwa ajili ya wateja. Kumbe kilichomshika ni soga za ghorofa ya pili.

"Siku za mwanzo, ndiyo," akasema, na macho yakamjaa machozi.