Ukuta Alioupapasa Baba

Nyumba yetu ya Kasha, mtaa wa mlimani juu ya ziwa, imepakwa chokaa nyeupe, na kila msimu wa mvua huiachia rangi zake. Chini ya bati maji yanapochuruzika panaota kijani, kwenye tako la ukuta matone yanarusha udongo mwekundu, na kwenye pembe zisizofikiwa na jua weusi mwembamba hutambaa bila haraka. Sisi tulizoea. Lakini ukuta wa mbele, ule unaotazama ziwa, ulikuwa na alama ambayo haikuletwa na mvua. Ilianzia mlangoni, kwenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, ikaenda imenyooka hadi kwenye benchi la pembeni, rangi yake kama ya chai yenye maziwa.

Ile alama ilikuwa ya mkono wa baba. Macho yake yalipoanza kufifia alikataa fimbo, akasema fimbo ni ya wazee, naye wakati huo alikuwa mzee hasa. Asubuhi alitoka akiupapasa ukuta mpaka kwenye benchi lake, akakaa kulitazama ziwa ambalo hakuliona tena, na jioni akarudi kwa njia ileile. Kidogo kidogo chokaa ikanywa mafuta ya kiganja chake.

Baba alifariki mwaka jana, baada ya kulala kitandani muda mrefu. Sasa mwaka ulikuwa unatimia, na Jumamosi ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Kwetu siku hiyo mjane anavua nguo nyeusi, ukoo unakusanyika, watu wanakula na kuimba, na kabla ya hapo nyumba lazima ioshwe ndani na nje, ili kilio kisibaki kimenata mahali. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alitoka Nyangezi mapema kuja kusimamia. Hata mzigo hakuutua. Aliizunguka nyumba yote, akasimama mbele ya ile alama, akaionyesha kwa kidevu.

“Na hii nayo itoke,” alisema. “Matanga haiwezi kuisha, uchafu ya marehemu iko ku ukuta.”

Nilikasirika, sifichi. Uchafu! Nilitamani kumwambia arudi Nyangezi akaoshe kuta zake. Mimi nilitaka alama ibaki, shangazi alitaka itoke, kaka yangu alitaka kazi iishe upesi arudi ofisini. Mama, ambaye mume alikuwa wake na ukuta ulikuwa wake, hakusema anataka nini. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

Kaka ni mtu wa ofisi na wa haraka, hata sala ya chakula huimaliza sisi bado tunafumba macho. Alhamisi alikuja na mashine ya kusukuma maji, aliyoiazima kwa wale wanaoosha magari kando ya ziwa. Umeme siku hiyo ulikuwepo, na yeye akauona kama dalili njema.

“Maman, na hii mashine, nyumba yote inaisha mbele ya saa sita,” alisema. “Munakaa tu, munaangalia.”

“Jaribu kwanza kule nyuma,” mama alimjibu. “Ku jikoni.”

Kaka alisahau kitu kimoja ambacho kila mtoto wa Kasha anakijua. Kuta zetu ni matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, yamevikwa lipu nyembamba na chokaa juu yake. Kwa macho ni nyumba ya saruji, kumbe ndani ni shamba. Alipobonyeza, maji yalitoka na mlio mkali, chokaa ikaruka, lipu ikafuata, kisha tofali lenyewe likaanza kuyeyuka na kumrudia usoni. Kuku walikimbilia kwa jirani. Kaka akabaki amesimama na suruali yake ya ofisi imekuwa nyekundu hadi magotini, bado ameshika mpira wa maji, maana hakukumbuka kitufe cha kuizima mashine. Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu, nami nikacheka naye, nikasahau kwamba nilikuwa nimemnunia.

Mama hakucheka. Alikuja taratibu, akaweka kiganja juu ya lile shimo, kama mtu anayefunika jeraha, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

“Zima,” alisema. “Ile kitu isifike mbele. Mbele nitaosha miye mwenyewe.”

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani hadi kwenye mlango wetu. Ziwa halikuonekana, wala migomba ya jirani. Tulisikia tu sauti za akina mama waliokuwa wanashuka sokoni, na redio mahali fulani ikiimba Kilingala kwa sauti ya chini. Mama alisema hiyo ndiyo hali nzuri ya kuosha ukuta, kwa sababu jua kali hukausha sabuni kabla haijafanya kazi, ikaacha madoa mabaya kuliko ya mwanzo. Alikuwa ametayarisha beseni, sabuni ya unga, tone la javel, dawa ya kung’arisha, kwa ajili ya ule ukijani tu, na vipande vya sponji alivyokata kwenye godoro kuukuu. Kaka alibeba bidoni za maji, kimya, kwa adabu ya mtu aliyetoboa nyumba ya mama yake.

Tulianza kwa kuulowesha ukuta kwa maji matupu, tukitumia ile arozwari tunayonyweshea mboga za lengalenga, yenye matundu madogo ambayo maji yake hayamuumizi hata kifaranga. Kisha sabuni, kutoka chini kwenda juu. Mimi nilianzia juu, kama mtu yeyote angefanya, mama akanishika mkono.

“Ukianzia juu, sabuni inashuka ku pakavu, inachora mistari, haitoke tena. Anzia chini. Na usisugue.”

“Sasa itatoka vipi?”

“Ungojee. Uchafu ikichoka, inajiachilia yenyewe.”

Basi tukangoja. Nilikaa kwenye benchi la baba, mikono yangu ikinukia sabuni, ukungu ukinigusa shingoni, na sijui kama nililala au la. Nilimwona akitoka mlangoni. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amevaa ile sweta ya kahawia, na vidole vyake vilikuwa vinatembea ukutani mbele yake vikimtafutia njia. Sikushtuka hata kidogo. Nilisogea ili apate nafasi. Povu lilikuwa linashuka ukutani polepole likibeba ukijani wa mwaka mzima, na ndani ya ule weupe wote sikuweza kusema ukuta unaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Mama alipoita “Maji!” niliamka, nikaona nimeketi ukingoni kabisa mwa benchi.

Tulisuuza kutoka juu kwenda chini, arozwari baada ya arozwari. Ukuta ulitoka safi bila kupoteza hata kipande cha chokaa. Nikafurahi, kisha furaha ikaniishia, kwa sababu sasa ile njia ya mkono ilionekana kuliko wakati wowote, imekaa peke yake katikati ya weupe. Maji yaliyopita juu yake hayakuifanya kitu. Shangazi alikuwa amesogeza kiti chake, anaitazama, anangoja.

Nilimsogelea mama, nikamnong’oneza. “Maman, tuiache. Tutamwambia shangazi imekataa kutoka.”

“Hapana,” alisema. “Itatoka.”

Akaingia jikoni. Niliumia moyoni, nikafikiri kwamba mama naye amekubali kumfuta baba kwa sababu ya maneno ya wifi yake, na machozi yakanijia nikiwa nimeshika sponji kama mjinga. Alikawia. Aliporudi alikuwa amebeba birika linalotoa mvuke. Alimimina maji yale kwenye beseni safi, akaongeza ya baridi kidogo, akatumbukiza kiwiko chake kupima, akaongeza tena.

“Maman, kwa ukuta haina lazima maji ya moto,” kaka alisema.

Mama hakumtazama. Aliongea na beseni.

“Ile wakati yote ya ugonjwa, ni miye njo nilikuwa namuogesha. Maji ya baridi alikuwa anaogopaka sana. Siku ile ya mwisho, kule morgue ya hospitali, balinikataza kuingia, basema bibi ya marehemu haingie. Lakini mulango ilikuwa wazi kidogo. Niliona. Balimuogesha na tuyau, mpira kama ile ya mashine, maji ya nguvu, mpaka kichwa yake ilikuwa inayumba.” Akatumbukiza kiwiko tena. “Sikuweza hata kubaambia bapunguze.”

Sote tulikuwa uani pale hospitali siku ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mama ameona.

Aliacha sponji palepale chini. Alichota maji ya uvuguvugu kwa kiganja, akayaweka mlangoni pale alama ilipoanzia, akatia sabuni ya kipande, ile ya kuogea, akaanza kupitisha mkono wake juu ya njia ya mkono wa baba. Alikwenda polepole sana. Kaka alipiga magoti, suruali nyingine ya ofisi, akashika beseni na kulisogeza kila mama aliposogea hatua moja. Mimi nilimimina ya birika ndani ya beseni, kidogo kidogo yasipoe, kila alipoinua vidole. Rangi ile ilianza kulegea na kushuka ndani ya maji, na mama alikuwa anasema maneno madogo ambayo sikuyasikia, wala hayakuwa yangu kusikia.

Alipofika kwenye benchi, ukuta ulikuwa mweupe wote. Alibaki amesimama na mikono inayodondosha maji, hajui aiweke wapi. Ndipo shangazi alipoinuka kwenye kiti chake. Alifungua kitenge chake cha juu, kile kipya alichokuja nacho kwa ajili ya Jumamosi, akamwekea mama mikononi.

“Umupanguse,” alisema. “Asisikie baridi.”