Nyuma ya Shuka

Jenereta ya shule ikiwashwa, ule moshi wa petroli unanirudisha kambini kwenye shamba la majani chai, nikiwa bado sina meno mawili ya mbele.

Gari la sinema lilikuja, shuka ikafungwa kati ya milingoti ya goli. Wakubwa na makalio yao walijaa mbele, kwa hivyo mimi na msichana wa jirani tuliangalia kutoka nyuma. Shujaa wa mwezini alipiga bunduki kwa mkono wa kushoto. Msichana alinifinya kwa furaha mpaka nikalia. Yeye pia aliandika kwa kushoto, na mwalimu alimchapa vidole kila siku.

Mwaka uliofuata ikaja sehemu ya pili, tukapata nafasi mbele. Asubuhi iliyofuata, tukichuna chai, kambi nzima ilibishana kama shujaa ni yule wa kwanza.

"Ni yule yule," mama yangu alisema. "Hata roketi ni ile, imepakwa rangi tu."

"Si yeye!" msichana akapiga kelele. "Huyu anatumia kulia!"

"Basi wewe ulilala."

Akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshaelewa: ukikaa nyuma ya shuka, kulia inakuwa kushoto. Lakini mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa mzaha, haukusema hivyo.

"Ni yeye," nikasema. "Walimchapa mpaka akabadilisha."

Alichuna kwa mkono wa kushoto peke yake mpaka kikapu kikajaa.

Baba yake alipoacha kazi, walirudi kwao magharibi.

Leo shuleni wanaonyesha ya tatu. Wenzangu wanagombania mbele. Mimi nimebeba viti viwili, nimeviweka nyuma ya shuka.