Jina la Ladu kwenye mnara

Leo mama amefuta jina la kaka yangu kwa kitambaa chake cha kichwa, mbele za watu.

Pale bustanini, kwenye mnara, wanaandika majina ya wanajeshi wa mtaa wetu wa Hai Mauna waliokufa kwenye vita hivi. Nami nikampelekea fundi wa rangi jina la kaka, Ladu. Huu mwaka wa pili hatujasikia hata sauti yake.

Mama sikumwambia. Nikampeleka tu, nikamwonyesha.

Akaniuliza, "Nani ameona maiti yake?"

Akausogelea mnara.

"Basi nani amekutuma umzike?"

Kwetu mtu haliliwi kabla mwili wake haujaonekana. Sahani ya Ladu bado inawekwa kila jioni, na mimi ndiye ninayeiosha. Nilijua hayo yote, jamani. Nimechoka tu kuosha sahani safi.

Mama akachovya kitambaa kwenye ndoo ya fundi, akasugua. Rangi ilikuwa bado mbichi. Fundi alishika brashi yake, akatazama pembeni.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Tumesharudi nyumbani. Mama amepakua chakula, na sahani ya Ladu iko mezani.

Yangu ndiyo haipo.