Baiskeli ya Watu Wawili na Mbwa Mmoja

Siku dereva wa malori alipostaafu, mkewe alijua kuwa amani ya nyumba imeingia hatarini. Yeye mwenyewe, mkunga wa miaka mingi, alikuwa ametangulia kustaafu na ameshajipangia maisha: maua nyuma ya nyumba, redio asubuhi, na Inspekta, mbwa wao mwenye rangi ya chai ya maziwa, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kikapu kilichovuka kizingiti bila yeye kukinusa mpaka chini. Sasa ghafla pana mwanamume mzima sebuleni, kutwa anazunguka akitafuta cha kutengeneza. Alianza na redio. Ilikuwa nzima. Alipoifunga tena, ikawa inakoroma.

"Baba," mkunga akamwambia, "kama mikono inakuwasha, nenda kaikunie kibandani."

Akaenda, na akakaa huko. Kutwa nyundo, kutwa cheche, kutwa harufu ya rangi. Marafiki wao wawili, mwalimu mstaafu wa hesabu na jirani yao mshonaji, wote wajane, waliokuja kila jioni kucheza karata, wakawa wanauliza kulikoni.

"Subira yavuta heri," dereva alijibu.

"Hii yako inavuta kelele tu," akasema mwalimu, akitupa karata.

Hatimaye mlango wa kibanda ukafunguliwa. Baiskeli mbili kuukuu zilikuwa zimeunganishwa zikawa moja, ndefu kama kitanda, ya kijani inayong'aa, yenye viti viwili na pedali za watu wawili. Nyuma kabisa lilifungwa kreti la soda lililotandikwa blanketi. Inspekta hakuhitaji kuelezwa. Aliruka ndani akaketi kama abiria aliyelipia nauli.

"Na mbele anakaa nani?" mkunga akauliza.

"Swali gani hilo, mama? Dereva humu ndani ni nani?"

Mkunga, alipokuwa kijana kazini, alizunguka mitaa yote kwa baiskeli, mvua na jua, kufuata wajawazito waliokuwa hawawezi kufika kliniki. Mumewe alikuwa hajapanda baiskeli tangu utotoni. Lakini mume ni mume, na siku ya kwanza humpi aibu. Akapanda nyuma.

Walifika kona. Dereva akaichukua kona ile kwa upana, kama anavuta tela, wakaingia moja kwa moja kwenye ua wa michongoma wa mshonaji. Inspekta akatoka kwenye kreti, akawatazama wawili wale waliolala chali, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Lori likisimama halianguki," dereva akalalamika, akichomoa miiba kwenye kiwiko.

"Hili si lori. Kesho nakaa mbele mimi."

Dereva alinuna mpaka chai ikapoa. Asubuhi akaja na masharti: "Sawa. Lakini kengele napiga mimi." Akaihamishia nyuma, na tangu hapo hakuna kuku, mtoto wala nguzo iliyopitwa bila kupigiwa kengele.

Wakafanya mazoezi mpaka wakajiamini, na Jumamosi moja wote wanne wakafunga safari kwenda bwawani, nje ya mji, mwalimu na mshonaji kila mmoja kwa baiskeli yake. Njiani kuna mlima. Katikati ya mlima, dereva akaanza kuhema kama mvukuto wa mhunzi.

"Kanyaga, baba!" mkunga akapaza sauti bila kugeuka. "Pumua! Usikaze shingo! Vizuri hivyo! Kanyaga tena, tunakaribia!"

Mshonaji alicheka mpaka akashuka baiskeli. "Jamani, huyo anazaa mapacha!"

Kileleni dereva aliegemea usukani wake usiogeuka, jasho likimtiririka. "Sasa nimeelewa," akasema, "kwa nini wale wanawake uliowazalisha walikuwa wanakutukana."

Mteremko ukaanza. Upepo ukajaa ndani ya blauzi ya mkunga, masikio ya Inspekta yakapepea, kengele ikalia mfululizo ingawa barabarani hapakuwa na mtu. Chini kabisa, ukingoni mwa bwawa, bata walikuwa wanavuka bila haraka. Inspekta alikuwa na uvumilivu wa mambo yote isipokuwa bata. Aliruka. Baiskeli ikayumba, mkunga akawakwepa bata, akakatiza majanini, na kabla breki hazijashika wakawa ndani ya maji mpaka magotini. Wakasimama wima, kwa heshima zao zote, kisha polepole, kama mti uliokatwa, wakalala ubavu.

Halafu dereva akacheka. Alicheka kwa kichwa kurudi nyuma, maji yakimtoka puani, na mkunga akamtazama kana kwamba ni mgeni. Miaka yao yote ya ndoa walipishana mlangoni: yeye akitoka zamu, huyu akiingia safarini. Watoto waliwalea kwa zamu. Kicheko hicho alikuwa anakisikia kwa uchache mno, siku za likizo. Alimrushia maji usoni, naye akamrudishia.

Walijianika juani, wakala mkate na mayai ya kuchemsha kutoka kikapu cha mshonaji. Inspekta, ambaye hakupata bata hata mmoja, alikagua kikapu mara mbili. Mwalimu akaizunguka ile baiskeli ya kijani, akakohoa kidogo, akamuuliza mshonaji kama angependa kuijaribu, kwa ajili ya hesabu tu, aone uzito unavyogawanyika.

"Kwa ajili ya hesabu," mshonaji akasema, na tayari alikuwa ameshainua sketi akakaa mbele.

Wakaondoka wakipepesuka kando ya bwawa, mshonaji akipiga mayowe ya furaha, mwalimu akipiga kengele, Inspekta akiwafuata mbio. Dereva akamaliza kumenya yai, akampa mkewe nusu yenye kiini kikubwa.

"Wataanguka wale," akasema.

"Waache," mkunga akajibu, akiegemea bega lake lenye unyevu. "Waache waanguke pamoja."